Elimu ya wanyama pori ianzie shambani





Mwezi Agosti niliwapeleka wanafunzi wa darasa la tano kwenye maonyesho ya Nane Nane, hapa hapa Nzuguni. Wote walikimbilia kizimba cha simba. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni wa nani?" Nikamjibu kuwa ni wa Taifa, kwa hiyo ni wake pia. Akacheka. Hakusadiki.

Kicheko kile kimenikaa moyoni. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kwamba wanyama pori ni amana tutakayowatunzia wajukuu wetu. Mwanafunzi wangu ndiye mjukuu huyo, na hajui kwamba ana amana. Hasara yake tumekwisha kuiona: tembo waliokadiriwa kuwa zaidi ya 109,000 nchini mwaka 2009 walibaki kama 43,000 mwaka 2014. Askari peke yao hawatoshi. Jangili hupita vijijini na hupata mwenyeji vijijini. Mwananchi anayeamini kuwa mnyama ni mali ya wengine haoni sababu ya kutoa habari.

Wapo wanaosema watoto wapelekwe mbugani. Ni vema, lakini kutoka hapa hadi Hifadhi ya Ruaha ni zaidi ya kilomita 350. Mzazi mwenye ekari mbili za mtama hana nauli hiyo.

Mimi nashauri tuanze na kiumbe ambaye kila mtoto wa Dodoma anamfahamu, yaani kwelea kwelea. Ingawa Nzuguni sasa imo ndani ya Jiji, wazazi wengi bado wanalima uwele na mtama, na msimu ukifika madawati yangu hubaki wazi. Watoto wako shambani na makombeo, wanaamia ndege. Kwa nini darasa lisiwafuate huko huko? Hapo watajifunza kwa nini ndege hao huja kwa makundi makubwa. Kwamba sumu inayonyunyizwa kwa ndege za serikali huua pia bundi na mwewe, ambao ni rafiki wa mkulima. Na kwamba ndege aliyekufa kwa sumu haokotwi kwa mboga. Wajifunze pia kwa wenzetu wa Kondoa, ambao huwatega kwelea kwelea bila sumu wakapata kitoweo na fedha.

Tena tuwe wakweli. Tusimwambie mtoto kuwa kila mnyama ni rafiki, wakati tembo amekwisha kula shamba la mjomba wake. Elimu inayoficha hasara haitaaminika hata inapoeleza faida.

Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980 kwa kazi hii hii, zifike katika shule za vijijini. Hatuombi magari. Tunaomba vitabu vya Kiswahili, na bwana wanyama pori atutembelee mara moja kila muhula.

Simba wa maonyesho huondoka Nane Nane ikiisha. Kwelea kwelea na mtoto tunabaki nao. Tuanzie hapo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nzuguni, Dodoma.