Diski mpya isimfilisi mwenye duka

MFANYABIASHARA wa Tandika au Tegeta anapohama fremu, harudishi ufunguo wa ile ya zamani kabla ya kuhesabu mali yake yote katika fremu mpya. Jambo la kusikitisha ni kwamba busara hiyo husahaulika siku anapobadilisha diski ya kompyuta.

Suala hili limepata uzito tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo wenye nazo wana sababu ya kuitazama Linux, ambayo kwa kawaida haina ada ya leseni. Mfumo huu si mgeni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Faida ya Linux kwa mwenye mtaji mdogo huonekana diski inapochoka. Mfumo mzima, pamoja na programu na hesabu za duka, waweza kuhamishiwa diski mpya bila kununua chochote zaidi ya diski yenyewe.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kwa dd au Clonezilla. Hapo diski mpya kwa kawaida isiwe ndogo kuliko ya zamani, na baada ya kazi zote mbili zisiwashwe pamoja, kwani zitakuwa na namba moja ya utambulisho, na mfumo unaweza kuzichanganya.

Ya pili ni kunakili mafaili tu kwa rsync, hata kwenye diski ndogo zaidi, mradi mafaili yanaenea. Lakini fundi asipoandika namba mpya katika faili la /etc/fstab na kuweka upya GRUB, programu inayouamsha mfumo, kompyuta haitawaka.

Makosa hayo hurekebishika. Lisilorekebishika ni fundi wa dd kukosea mwelekeo, diski tupu ikanakiliwa juu ya iliyojaa. Programu hiyo haiulizi mara mbili.

Ikumbukwe kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu kwa miaka isiyopungua mitano. Mkaguzi anapofika, anayeulizwa ni mwenye duka. Fundi hayupo.

Wapo wanaoshauri kuanza upya na mfumo mtupu. Ushauri huo unafaa pale mfumo wenyewe umeharibika. Kwa duka linalofanya kazi, siku za kupanga upya programu na printa ni siku za mauzo yaliyopotea.

Kwa hiyo ni vyema kazi ifanyike mapema, kabla diski haijaanza kukwama, na hesabu zinakiliwe kwanza mahali pengine. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri kompyuta iwake kwa diski mpya peke yake, na mauzo ya jana yaonekane.

Diski ya zamani isiuzwe siku hiyo. Ifungiwe nje ya duka hadi mwezi mmoja wa hesabu upite salama. Bei yake kama mtumba ni ndogo mno kulinganisha na madeni ya wateja yaliyoandikwa ndani yake.