Zaira Aliomba Picha Zake Zifutwe



Wiki hii twataka kulizungumza jambo lililotufikia kwa mlango wa mama mmoja, msomaji wetu wa miaka mingi. Binti yake ana umri wa miaka 15. Watu wanaopiga tamthilia za runinga hapa Pwani walimwona katika maigizo ya shule, wakampenda, wakampa karatasi za mkataba azipeleke nyumbani zikatiwe saini na mzazi. Mama akatuletea karatasi zile tuzisome pamoja naye. Hakuja kutaka fatwa. Ya fatwa ameyapeleka kwa sheikh wa mtaani kwao, na huko ndiko mahali pake. Alilolitaka kwetu ni lingine: tumwambie, ikiwa twajua, humfika nini binti wa Kiislamu anayeingia katika kazi hiyo angali mdogo.

Tukamsimulia habari za Zaira Wasim. Kwa idhini ya mama mwenyewe twazileta hapa, pamoja na yaliyofuata.

Jina hilo si geni katika nyumba nyingi za Pwani, na tusijitie kutojua ni kwa nini. Filamu za Kihindi zimekaa nasi kitambo. Mama zetu walizitazama katika majumba ya sinema ya Mombasa, wakarudi nyumbani macho mekundu kwa kulia. Marehemu Juma Bhalo alizitilia tuni zake maneno ya Kiswahili, na ni harusi ngapi zimechangamka kwa tuni hizo! Majumba yale leo mengi yamefungwa, lakini mapenzi yangalipo, yamehamia kwenye simu. Kwa hivyo Dangal ilipotoka, mwezi wa Disemba 2016, huku pia ilitazamwa, na mtoto yule mwenye macho makali akapendwa.

Zaira alizaliwa Srinagar, katika bonde la Kashmir, mwezi wa Oktoba 2000. Alipochaguliwa kuigiza alikuwa na miaka 14 tu. Dangal ni kisa cha kweli cha Mahavir Singh Phogat, mcheza mieleka wa jimbo la Haryana, aliyewafundisha binti zake mchezo huo hata Geeta, mkubwa wao, akaipatia India medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2010. Zaira ndiye aliyekuwa Geeta wa utotoni, yule anayekatwa nywele kwa amri ya baba yake huku akilia. Filamu ilivunja rekodi za mapato, China ikaipokea kwa kishindo, na binti akatunukiwa Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Mwezi wa Oktoba 2017 ikafuata Secret Superstar. Humo ni Insia, binti wa Kiislamu mwenye kipaji cha kuimba na baba mkali anayempiga mamake. Insia hufunika uso wake kwa niqabu, akajirekodi na kuzitia nyimbo zake kwenye intaneti ili baba asimtambue. Twamwomba msomaji aliweke moyoni jambo hili la uso uliofunikwa.

Watu wakiisimulia habari ya Zaira hurukia mwisho wake, mwaka 2019. Sisi twaona mwanzo wake ndio wenye mafunzo zaidi kwa mzazi. Mwezi wa Januari 2017, Dangal ingali inaonyeshwa, binti huyu alikutana na Mehbooba Mufti, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Jammu na Kashmir. Kashmir ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika miezi ya machafuko. Shule zilikuwa zimefungwa, watu wameuawa, na vijana wametiwa upofu kwa bunduki za chembechembe. Picha za mkutano ule ziliposambaa, waliokuwa na uchungu na serikali walimmwagia mtoto. Matusi yakamiminika. Zaira akaandika kuomba radhi, na ndani ya maneno yake akaomba jambo ambalo wachache walilisikia: asichukuliwe kuwa kielelezo cha kufuatwa na vijana, kwani yeye mwenyewe hayaonei fahari ayafanyayo. Kisha akayafuta aliyoyaandika. Alikuwa na miaka 16.

Hapa twamwomba kila mama asimame kidogo. Binti wa miaka 16, ambaye nchi nzima yampigia makofi, asema hadharani kwamba haoni fahari kwa kazi yake. Lau angekuwa mtoto wa nyumbani kwako, je, ungelisikia? Au ungesema ni uchovu, utapita?

Mwaka uliofuata, 2018, aliandika tena, mara hii kuhusu maradhi ya sonona na wasiwasi ambayo alisema ameishi nayo kwa takriban miaka minne. Alieleza dawa, na usiku usiolalika, na jinsi watu walivyomwambia kuwa yu mdogo mno kupatwa na maradhi kama hayo. Tusiseme, kama wasemavyo baadhi ya watoa mawaidha, kuwa filamu ndizo zilizomtia maradhi; kwa hesabu yake mwenyewe yalitangulia filamu. Lakini umaarufu haukumtibu, na ulimpa mahali pazuri sana pa kuyaficha. Mtoto anayetabasamu mbele ya kamera, nani atamuuliza habari za usiku wake? Nasi huku tuna namna zetu za kutouliza. Binti akijifungia chumbani twasema ana jini, au twasema watoto wa siku hizi hawana subira.

Ndipo ikafika tarehe 30 Juni 2019. Zaira, akiwa na miaka 18, alitoa barua ndefu katika mitandao ya kijamii, akaaga kazi ya filamu. Wengi wameisikia habari ya barua ile, lakini walioisoma ni wachache, na ndani yake mna jambo lililotukaa sana. Alisema kuwa katika kazi ile alifaa, ila hapakuwa mahali pake. Alisema imani yake ilikuwa ikidhoofika polepole, bila kelele, huku akijituliza nafsi kuwa hapana neno. Tena akalitumia neno ambalo sisi twalitamka kila siku bila ya kulifikiri: baraka. Alisema zilimtoka maishani mwake. Akalifafanua, kwamba baraka si furaha tu wala wingi wa vitu, bali pia ni kule kutulia kwa mtu, na ndiko alikohangaika nako.

Bibi zetu walilijua hilo. Walipokuwa wakipima unga jikoni kisha watu wote wakashiba, walisema unga una baraka. Na mshahara mkubwa unaoyeyuka kabla ya mwezi kuandama walisema hauna. Ila sisi twazoea kulitumia neno hili kwa fedha na chakula. Ni mara chache tumewahi kumwambia mtoto kuwa hata sifa zaweza kukosa baraka: kwamba mtu aweza kusifiwa na malaki ya watu na akalala na njaa ya neno moja la kweli. Zaira aliligundua peke yake, kwa gharama, katika umri ambao wenzake walikuwa wakihangaikia mitihani.

Barua ile ilizua kelele India nzima. Wako waliosema amelazimishwa, wako waliosema kuwa angeondoka kimya bila kuitaja dini, wako waliomwona hana shukrani kwa kazi iliyomlea. Filamu yake ya mwisho, The Sky Is Pink, ilitoka mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, yeye akiwa ameshaaga. Humo aliigiza Aisha Chaudhary, binti wa kweli aliyefariki akiwa na miaka 18 kwa ugonjwa wa mapafu.

Hao ni wale waliomlaumu. Na tuliompenda je?

Tukiri. Katika makundi yetu ya akina mama ya WhatsApp ilizunguka picha iliyokatwa sehemu mbili: upande mmoja Zaira wa filamu, nywele wazi, upande wa pili mwanamke aliyejisitiri, na chini yake maneno ya masha Allah. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliipokea, tukaipeleka kwa jamaa zetu, na dua tukaitia juu. Tulidhani twatenda wema. Hata hatukujua kama mwanamke yule wa upande wa pili ni yeye kweli.

Mwezi wa Novemba 2020, Zaira aliandika kwa wanaompenda. Aliwashukuru kwa mapenzi yao, kisha akawaomba waziondoe picha zake katika kurasa zao na kuwahimiza wengine wafanye vivyo hivyo. Alijua kuwa haiwezekani kuzifuta zote kutoka kwenye intaneti, na alilisema hilo mwenyewe. Aliloliomba ni kwamba wao wasiendelee kuzisambaza. Alisema anajaribu kuanza ukurasa mpya wa maisha yake.

Picha ile ya sehemu mbili iliendelea kuzunguka baada ya hapo. Pengine ingali yazunguka. Tulimtukuza kwa kujisitiri huku tukimwondolea sitara kwa vidole vyetu, tukapata na thawabu za kujidanganya. Kuna jambo lingine pia, gumu zaidi kulisema. Alikuwa ameomba tangu utotoni asifanywe kielelezo. Walipomfanya kielelezo cha mafanikio tuliwalaumu, kisha tukamtwaa sisi, tukamfanya kielelezo cha toba. Ni binti yule yule, na hapana aliyemuuliza. Twaona haya kuliandika hili katika makala ambayo nayo yamtaja jina lake, lakini barua zake alizitoa mwenyewe hadharani ili zisomwe, na picha hamtaiona katika ukurasa huu.

Hakunyamaza, lakini. Mwezi wa Februari 2022, vyuo vya jimbo la Karnataka vilipowazuia wasichana wenye hijabu kuingia madarasani, aliandika kuwatetea, kwa hoja na kwa utulivu. Picha yake alipoitoa baada ya muda mrefu, mwaka 2021, ilimwonyesha kwa nyuma, amesimama juu ya daraja. Na mwezi wa Oktoba 2025, alipotangaza kuwa amefunga nikahi, watu waliona mkono wenye hina ukitia saini, na maharusi wawili waliotupa migongo. Insia wa filamu alifunika uso ili sauti yake ipate kutoka. Miaka mingi baadaye, aliyemwigiza anasema na watu bila ya kuwapa uso wake, ila sauti sasa ni yake mwenyewe, hakuandikiwa na mtu.

Hayo ndiyo tuliyomsimulia mama yule. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akatuambia turudi kwenye karatasi.

Tukazisoma. Palikuwa na malipo, si haba kwa nyumba yenye watoto watano. Palikuwa na idadi ya siku za kupiga picha, na usafiri. Shule haikutajwa. Na katika ukurasa wa tatu palikuwa na kifungu kinachosema kuwa sura na sauti ya mwigizaji zaweza kutumiwa na wenye tamthilia kwa muda wote, mahali popote, katika chombo chochote kilichopo na kitakachokuja kubuniwa. Mama alitutaka tukisome mara ya pili, polepole. "Muda wote," akasema, "maana yake hata akishakuwa bibi kizee?" Tukamwambia ndivyo tulivyoelewa, ingawa afadhali wakili akisome.

Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, bakuli la kunde mapajani, hajasema neno tangu tulipoingia. Tulidhani hasikii. Ni mtoto mwenye adabu, na kusema kweli ana kipaji. Walimu wake wasema akipanda jukwaani shule nzima hunyamaza. Akauliza, bila ya kuinua macho:

"Mama, na nikitaka kutoka, imeandikwa wapi?"

Tukazipekua zote, za mbele na za nyuma. Haikuwa imeandikwa. Mama akachukua kalamu ya risasi, akatia mstari pembeni mwa kile kifungu cha ukurasa wa tatu, na chini kabisa, mahali pa saini yake, akaliandika lile swali la mwanawe kama alivyolisema. Siku ya pili akamtuma kaka wa binti azirudishe karatasi kwa wenyewe.

Hadi tunapoandika, jawabu halijafika. Binti yuko shuleni, anajiandaa na mitihani, na amesema kama jawabu likija zuri, atafikiri.