Android ao iPhone? Kapalata tunagombana, wenye sisteme wanakaa kiti kimoja

Ukipita Kapalata saa ya magaribi, pale watu wanaweka telefone kwenye sharje mbele ya kurudi nyumbani, utasikia mabishano yasiyo na mwisho. Siyo ya siasa. Siyo ya Malekesa na Nika. Ni ya telefone.

«Wewe na iPhone yako, saa kumi tu iko imezimika!»

«Na wewe na Tecno yako, piblisite inaingia hata mbele ya kusoma saa!»

Na mama mmoja mwenye kuuza mikate pembeni anawakata wote wawili: «Ya kwangu hii ya mabutoni, batri inalala siku tano, na M-Pesa inaingia. Bana, munagombania nini?»

Watu wanacheka, lakini kila mtu anarudi kwake na dini yake. Sisi tumesikiliza mabishano hayo siku nyingi, na tunaona kwamba ndani yake kuna jambo kubwa kuliko kicheko. Kwa familia ya mchimbaji, telefone siyo pambo. Baba iko kwenye karyeri, upande wa Bafwasende ao Banalia, wiki nyingi. Sauti yake, picha ya jiwe, kilo za mchanga, pesa alizotuma, deni la PDG wa shimo, vyote vinapita ndani ya kile kioo. Siku kioo kinakataa kufanya kazi, nyumba nzima inabaki gizani. Ndiyo maana tunauliza: tunagombana juu ya nini, na faida inaenda kwa nani?

Sisteme ni PDG wa telefone

Kwanza tuelewane. Watu wengi wanabishana juu ya jina lenye kuandikwa mgongoni mwa telefone. Lakini jina siyo jambo lenyewe. Telefone ni kama shimo. Kuna vyombo: batri, kioo, kamera. Halafu kuna mwenye kupanga kazi: nani anashuka, nani anapanda, nani anagusa mashini ya maji. Huyo mwenye kupanga, kwenye telefone ao ordinatere, tunamuita sisteme. Hakuna programu yenye kufanya kazi bila ruhusa yake, hata WhatsApp.

Leo, kwenye telefone, sisteme kubwa zimebaki mbili. Android ni ya Google, ambayo iliinunua mwaka 2005. Telefone ya kwanza ya Android ilitoka 2008. Google inaiachia viwanda vingi, na ndiyo maana Tecno, itel, Infinix na Samsung zote ni Android. Ya pili ni iOS ya Apple, yenye kuwa ndani ya iPhone tangu 2007.

Hapo tayari kuna jambo la kuchekesha. Vijana wanaogombana Tecno na Infinix wanapigania watoto wa mama mmoja. Tecno, Infinix na itel zote ni za nyumba moja, Transsion, ya Shenzhen, China.

Kila mmoja na sababu yake

Tusizarau upendo wa watu, maana una sababu. Mwenye Android atakuambia: bei yake ninaiweza, SIM mbili zinaingia, na ikiharibika, mtengenezaji wa pale kwenye kona anajua kuifungua. Kwa mtu mwenye karte ya Vodacom kwa karyeri, na ya Airtel ao Orange kwa mjini, SIM mbili ni kazi, siyo anasa.

Mwenye iPhone naye iko na yake: inadumu, kamera ni safi, na Apple inaendelea kuipa sisteme mpya miaka mingi. Na kuna lingine ambalo hakuna anayelisema kwa sauti: heshima. Negosiya akiweka iPhone juu ya meza mbele ya kupima jiwe, anasema «niko na pesa» bila kufungua kinywa. Sisi hatumuhukumu. Hata wazee wetu walijua kwamba nguo ya soko siyo nguo ya shamba.

Na mama wa mabutoni? Huyo ndiye mwenye akili kuliko wote, kwa upande mmoja. M-Pesa, Orange Money na Airtel Money zinapita kwa kodi fupi yenye kuanza na nyota. Kodi ile haiulizi Android, haiulizi iPhone. Inauliza tu résau na namba yako ya siri.

Hasira nazo

Lakini upendo wote una machozi yake. Kwa Android ya bei ya chini, machozi ni haya: telefone inabaki na sisteme ile iliyozaliwa nayo. Kiwanda kimekwisha kuuza, kinatengeneza nyingine. Kidogo kidogo programu zinakuwa nzito, nafasi inajaa, na siku moja WhatsApp inakuambia kwaheri. Siyo mchezo. Tarehe 24 Oktoba 2023, WhatsApp ilianza kuomba Android 5.0 kwenda juu. Kwa iPhone, tangu tarehe 5 Mei 2025 inaomba iOS 15.1 kwenda juu, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje. Wale walioninunulia heshima kwa iPhone 6 ya okazio wamelia sawasawa na wenye Android ya zamani.

Kwa iPhone kuna machozi mengine: kadenasi. Ukinunua iPhone ya okazio na mwenyewe wa kwanza hakuondoa konti yake ya iCloud, siku utakayoifuta yote itaomba neno lake la siri. Kama humjui, umenunua kioo cha kujiangalia. Android nayo, tangu miaka mingi, iko na kadenasi kama hiyo ya konti ya Google.

Na ukuta mkubwa uko kati ya hizo mbili. Kwa miaka mingi, mtu akitoka Android kwenda iPhone, mazungumzo yake ya WhatsApp yalibaki nyuma. Njia ya kuyahamisha kwenda iPhone ilifunguliwa 2022, lakini iPhone inapaswa kuwa mpya ao kufutwa kabisa. Wengi hawajui, wanaanza kutumia, halafu wanauliza: picha za baba ziko wapi?

Sisi wenyewe, wenye kuandika hapa, tumepita humo. Telefone moja ya kazi ilikufa usiku, bila kopi mahali popote. Namba za watu wetu wa karyeri zilienda, na sauti zao pia. Tulikaa siku nyingi tukiulizia namba kwa kupitia watu wa toleka na madereva wa magari ya njia ya Ituri. Tangu siku hiyo, kayee ya karatasi iko mezani.

Kwa ordinatere, hadithi ni ileile. Ingia kwenye sekretaria yoyote ya kupiga fotokopi mjini: Windows. Mwenyewe hataki kusikia kitu kingine, maana mikono imekwisha kuzoea. Lakini Microsoft imesimamisha musaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashini nyingi za zamani. Mashini haikuharibika. Inawaka vizuri. Lakini mlinzi wa mlango ameacha kazi, na wezi wa intaneti wanajua. Linux, ile iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni ya bure na inaweza kufufua mashini kama hizo. Hata Android yenyewe imejengwa juu ya Linux. Lakini mwambie mwenye sekretaria aache Windows, utaona atakavyokuangalia!

Tukumbuke pia kwamba wafalme wanaanguka. Nani asiyemkumbuka mtu wa BlackBerry, namna alivyotembea? Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilizima huduma za sisteme yake ya zamani. Nokia na Symbian yake, iliyotawala dunia, leo ni hadithi ya wazee. Wenye kuapa leo kwa jina la Android ao iPhone, waape polepole.

Kwenye tribinali walikaa kiti kimoja

Sasa tufike mahali penye uzito. Mwezi wa Desemba 2019, familia za watoto waliokufa ao kuvunjika kwenye mashimo ya kobalti ya upande wa Kolwezi walishtakiwa? Hapana, safari hii wao ndio walioshtaki. Kesi ilifunguliwa Washington, Marekani. Soma majina ya walioshtakiwa: Apple. Alphabet, ndiyo mama wa Google. Microsoft. Dell. Tesla.

Angalia vizuri. Apple ni iPhone. Google ni Android. Microsoft ni Windows. Wale watatu ambao sisi tunagombana juu yao kila magaribi, pale walikaa kiti kimoja na kutoa jibu la namna moja: sisi hatuhusiki na yaliyotokea ndani ya shimo. Tarehe 5 Machi 2024 tribinali ya rufaa iliwapa haki. Ilisema kwamba kununua kobalti kupitia mlolongo wa wauzaji siyo kushirikiana na wale wenye kutumikisha watu kwa nguvu. Familia zilirudi mikono mitupu.

Mwezi wa Desemba 2024, serikali yetu nayo ilipeleka malalamiko Ufaransa na Ubelgiji juu ya matawi ya Apple, ikisema madini ya vita ya mashariki yanasafishwa njiani na kuingia ndani ya vyombo vyao. Apple ilikataa, ikasema imeambia wauzaji wake waache kununua bati, tantale, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Paris ilifunga dosye Februari 2025. Ubelgiji uliweka jaji wa kuchunguza.

Kwa mchimbaji, jibu la Apple lina makali pande mbili. Kama ni kweli, mlango umefungwa kwa mwenye silaha, na pia kwa baba mwenye karte yake ya mchimbaji, anayefanya kazi safi. Aliyefunga mlango hakuuliza nani ni nani. Na dhahabu ndani ya telefone ni kidogo sana: hesabu inayotajwa sana ni karibu miligramu 30. Maana yake, gramu moja ya dhahabu inaweza kuingia ndani ya telefone zaidi ya thelathini. Baba anayechimba gramu ile mara nyingi hana uwezo wa kununua hata moja ya hizo zenye bei.

Siku tulipoacha kugombana

Kuna siku moja tu ambapo tuliona wa iPhone, wa Tecno na wa mabutoni wanaongea sauti moja. Ni wakati wa RAM, ile takse ya telefone iliyoanza mwaka 2020. Inite zilikatwa, dolari 7 kwa mwaka kwa telefone za 3G na 4G, dolari 1 kwa za 2G. Nchi nzima ililalamika, wanafunzi, mama wa soko, wabunge. Hakuna aliyemuuliza mwenzake «wewe iko na sisteme gani?» Mwaka 2022 takse ile iliondolewa.

Hilo ndilo somo letu. Tulipogombana juu ya jina la mgongoni, hatukupata kitu. Tulipoangalia mfuko wetu pamoja, tulishinda.

Ya kufanya nyumbani

Hatusemi mtu aache anachopenda. Tunasema apende na macho wazi.

Mbele ya kununua, usiangalie kioo tu. Ingia ndani ya mpangilio wa telefone, soma namba ya Android ao ya iOS. Kama iko karibu na ile ya chini ambayo WhatsApp inakubali, unanunua miezi, siyo miaka.

Kama ni okazio, muuzaji aondoe konti yake mbele yako, aifute yote, na iwake tena bila kuomba neno lake. Halafu ndipo utoe pesa.

Hakikisha WhatsApp inafanya kopi. Kama megabaiti ni ghali, fanya mara moja kwa mwezi, siku ukipata résau nzuri.

Hesabu za PDG na za negosiya, uzito wa jiwe, tarehe na pesa, ziandikwe pia kwenye kayee. Telefone ikifa, kayee itasema.

Na ile ya mabutoni, usiitupe. Iende karyeri na baba. Siku ambayo résau ni nyembamba na hakuna pa kusharji, itaita wakati zile kubwa zote zimelala.

Kesho magaribi, Kapalata tutagombana tena, na ni sawa, kicheko ni dawa. Lakini mwenzako akikutukana juu ya sisteme yako, umukumbushe hili: kobalti ya batri na dhahabu ya ndani haviulizi jina la mgongoni. Sehemu yake ilipita kwanza mikononi mwa mtu kama baba yenu. Huyo ndiye anayestahili tumpiganie.