UMASKINI SI UGONJWA WA KICHWA

Neno kwa wachumaji na wafanya kazi wa viwanda vya chai, Kericho na Bomet



Kuna biashara inayozunguka katika kambi zetu. Wenye biashara hiyo hawauzi sabuni wala blanketi. Wauza "maisha mapya". Huita watu kwenye semina, siku ya kwanza bure, katika ukumbi wa hoteli mjini au darasa la shule siku ya Jumapili. Anayekualika si mgeni. Ni jirani wa mlango wa pili, au binamu, au mtu mnayesali naye kanisa moja, maana naye ameagizwa alete watu. Ukimwuliza semina yahusu nini, hakuambii. Asema, "Njoo usikie mwenyewe."

Sisi twasema wazi: usitie sahihi. Na sababu zetu ni hizi.

MTEGO UNAVYOTEGWA

Siku ya kwanza ni ya nyimbo, makofi na chai ya maziwa. Mtu aliyevaa suti asimulia jinsi alivyokuwa maskini kama wewe, na sasa ana gari. Mwingine asimama, na mwingine, wote kwa maneno yale yale. Halafu waambiwa kwamba mafunzo yenyewe ni ya siku tatu au nne, na ada yake italipwa leo, kwa kuwa kesho bei itapanda.

Ukilipa, utakuta mambo mengine. Simu huzimwa. Mlango hufungwa. Maneno huanza asubuhi na kuendelea mpaka usiku, chakula huchelewa, na kwenda haja kwataka ruhusa. Watu husimamishwa mbele ya wenzao, wakaulizwa habari za baba zao, ndoa zao na madeni yao, mpaka walie. Anayelia hupigiwa makofi. Anayeuliza swali huambiwa ana roho ya kushindwa. Mwisho wa yote, mtu akiwa amechoka na hajalala, aletewa karatasi: daraja la pili, ada kubwa zaidi, na kazi ya kuleta watu watatu.

Ndugu, angalieni jambo hili. Hakuna mtu mwenye busara anayenunua ng'ombe akiwa na usingizi, usiku, amefungiwa mlango, huku watu 50 wakimpigia kelele. Kwa nini basi anunue "maisha mapya" kwa njia hiyo?

UONGO MKUBWA

Fundisho lao kubwa ni hili: maskini ni maskini kwa sababu ya fikira zake. Badili fikira, fedha zitakuja. Maneno haya ni matamu, na ndani yake mna sumu.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Bei ya kilo imeandikwa katika mapatano kati ya chama na waajiri. Fikiri unavyotaka, mizani haitasogea hata gramu moja kwa sababu ya fikira zako. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, kwa kuwa watu waliona kazi zao zinakwisha. Yule mama aliyekosa kazi kwa ajili ya mashine, je, ni fikira zake zilizoileta? Mashine ililetwa na hesabu ya mwenye shamba.

Tukumbuke na mwaka 2016. Mahakama ya kazi iliamuru wafanya kazi wa chai wapewe nyongeza ya asilimia 30. Waajiri wakakata rufani, na mwezi wa Oktoba wachumaji wakaweka vikapu chini. Ile amri haikutoka katika ukumbi wa hoteli. Ilitoka katika kesi iliyopelekwa na chama, kwa michango ya wanachama, mwezi baada ya mwezi.

Mtu akikubali kwamba mshahara mdogo ni kosa la kichwa chake, hatakuja tena kwenye mkutano wa tawi. Atakuja kufanya nini? Hana mtu wa kudai ila nafsi yake. Mwajiri mbaya hawezi kuomba mfanya kazi mwema kuliko huyo.

Hatusemi kujiendeleza ni kubaya. Chama hiki kimejengwa na watu waliojiendeleza. Vyama vyetu vina Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya kule Kisumu, na huko mtu hufundishwa sheria za kazi, hesabu na uongozi. Lakini mafunzo ya kweli yana mtaala unaoonekana kabla hujalipa, mwalimu anayekubali kuulizwa, na mlango ulio wazi. Mafunzo ya kweli hayakudai jirani yako kama ada.

YALIYOKWISHA KUTUKIA

Mbinu hizi hazikuzaliwa Kericho. Mwaka 1971, katika mji wa San Francisco, Marekani, Werner Erhard alianzisha mafunzo yaliyoitwa est. Watu walifungiwa ukumbini saa nyingi kwa siku nne za mwisho wa juma, wakitukanwa, na ruhusa ya kwenda haja ikawa haba. Wengi wameiga tangu hapo.

Mwaka 1973 wataalamu watatu, Lieberman, Yalom na Miles, walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi zaidi ya 200 wa Chuo Kikuu cha Stanford waliotiwa katika vikundi vya kufunuliana mioyo. Wanafunzi 16 walionekana wameumia akili, na madhara hayo yalidumu. Tena waligundua kwamba viongozi wakali, wenye mvuto na wenye kuwashurutisha watu, ndio walioumiza wengi. Basi yule mkali anayesifiwa kuwa "anabadilisha watu" ndiye wa kuogopwa kwanza.

Huko huko Marekani, mwaka 1998, Keith Raniere alianza na kozi za kuwafundisha watu kufanikiwa. Kozi zikazaa kundi lililoitwa NXIVM. Mwisho wake wanawake walitiwa alama mwilini kwa kuchomwa ngozi, kama ng'ombe. Alihukumiwa mwaka 2020 kifungo cha miaka 120. Wengi walioingia humo walianza na semina.

Na hapa kwetu? Kamati ya serikali iliyochunguza michezo ya upatu wa piramidi ilitoa taarifa yake mwaka 2009. Iliona kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Tanzania nako, DECI iliwaambia watu "wapande" fedha ili "wavune". Serikali ikaisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani viongozi wake. Upatu na semina si kitu kimoja, lakini mara nyingi hulala kitanda kimoja: semina hulainisha moyo, upatu huchukua fedha.

HESABU YA WATU WATATU

Wasema, "Lete watatu tu, na kila mmoja alete watatu." Twende pamoja kwa hesabu. Watatu huzaa 9, hao 27, hao 81, hao 243. Hapo kambi nzima imekwisha. Endelea. Ngazi ya 13 peke yake yataka watu 1,594,323. Ukijumlisha ngazi zote mpaka hapo, wapata watu 2,391,483. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Jumla ni 1,777,466, pamoja na watoto wachanga na wazee wa kitandani. Watu wamekwisha kabla ngazi ya 13 haijajaa! Waliopanda mwanzo hula. Waliopanda mwisho ndio chakula, na wa mwisho siku zote ni wengi kuliko wote.

Atakayesema, "Lakini fulani alifaulu," mjibuni hivi: fulani alilipwa na nani? Kama hakuuza chai wala mahindi wala kazi ya mikono yake, basi alilipwa na ada ya aliyemleta.

SAHIHI MOJA HULA WATU WATANO

Fedha za ada hutoka wapi? Hutoka Sacco, au mikopo ya simu, au bonasi ya Oktoba ya mzee mwenye shamba lake dogo la chai, au mafao ya aliyepunguzwa kazini. Mafao hayo ni miaka 20 ya mgongo wa mtu. Yakienda hayarudi.

Mkopo wa Sacco nao una wadhamini. Umeshindwa kulipa? Akiba ya wadhamini hukatwa. Watu wanne waliokutilia sahihi kwa wema, ambao hata mlango wa semina hawakuuona, walipa ada yako. Karo za watoto wao zakwama. Salamu zakatika mizanini. Tumeungana miaka mingi ili mtu asianguke peke yake. Karatasi ya semina yaugeuza umoja huo kuwa kamba ya kuwaangusha wote pamoja.

Tena fahamuni: Sheria ya Kazi ya 2007 yakataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara. Lakini deni la simu halingoji mshahara, wala halijui theluthi. Hula kile kilichobaki cha unga.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kujua habari za kitu anachonunua. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012 yahesabu kumshurutisha mtu mpaka anunue kuwa ni biashara isiyo ya haki. Tena mapatano yanayofanywa ana kwa ana, mahali pasipo pa biashara ya muuzaji mwenyewe, kama vile ukumbi wa kukodi, mnunuzi aweza kuyavunja bila kutoa sababu, ikiwa fedha zake zimefikia kiwango cha sheria. Muda wake ni mpaka siku 10 zipite tangu apokee nakala yake ya maandishi. Siku hizo 10 ni mali yako. Usiziache zipite kwa aibu.

FANYENI HIVI

1. Usilipe wala kutia sahihi siku ile ile. Kitu kizuri leo kitakuwa kizuri hata Jumatatu.
2. Omba karatasi uende nayo nyumbani. Wakikataa, umekwisha pata jibu.
3. Uliza kwa sauti: semina yahusu nini, ada yote ni kiasi gani, na nikitaka kutoka nitatokaje?
4. Wakizima simu na kufunga mlango, simama utoke. Huna deni la adabu kwa mtu aliyekufungia.
5. Mdhamini, kabla hujatia sahihi Sacco, mwulize mwenzako fedha ni za nini. Si ufitini kuuliza.
6. Uliyekwisha tia sahihi, lete karatasi kwa mwakilishi wa chama kambini kwako leo hii. Tutahesabu siku pamoja na kuandika barua pamoja.
7. Mwakilishi anayewaitia watu semina hizi kwa jina la chama aulizwe mbele ya mkutano wa tawi.

Na asicheke mtu mwenzake aliyenaswa. Walionaswa ni watu wanaotaka watoto wao wasome na nyumba zao zipate mabati. Tamaa hiyo ni njema, ni yetu sote. Kicheko chetu ndicho kinachomfanya aliyedanganywa afiche karatasi chini ya godoro mpaka siku 10 zipite, na mke wake apate habari siku ya kukatwa akiba.

Mnunuzi wa ndoto huingia ukumbini peke yake, na hutoka peke yake. Mwanachama huingia mkutanoni na wenzake. Mkutano wetu hauna ada ya daraja la pili, mlango uko wazi, na maswali yanaruhusiwa. Njooni tudai bei ya kilo.

UMOJA NI NGUVU!