Programu Ikikwama, Usikubali Jibu la Mafumbo

Unalipa karo ya mtoto. Umeweka nambari ya shule, umeweka PIN, umebonyeza "tuma", halafu programu inajifunga yenyewe. Ukiifungua tena unakuta ile sentensi tuliyoizoea: "Samahani, hitilafu imetokea." Hitilafu gani? Pesa imeenda ama haijaenda? Hapo ndipo wengi wetu huku Kitui hurudia kulipa, kisha siku mbili baadaye wanagundua wamelipa mara mbili.

Maoni yangu ni haya: kampuni ya malipo ina haki ya kuficha jinsi programu yake ilivyoundwa, lakini haina haki ya kumpa mteja jibu lililofichwa. Hebu nieleze tofauti.

Programu inapoanguka, simu huandika orodha ya hatua ilizokuwa ikipitia, na hatua ya mwisho huwa juu. Mtengenezaji akiisoma, anajua shida ilianzia wapi. Kwa lugha rahisi, orodha hiyo ingesema: tulithibitisha PIN, tukatuma malipo, tukaanza kusoma jibu, tukaanguka hapo. Lakini ukifungua ripoti ya programu nyingi za pesa, hutaona maneno hayo. Utaona herufi tupu: a, kisha b, kisha c, na nambari za mistari zisizoeleweka.

Hayo mafumbo yamewekwa makusudi. Kabla programu haijafika kwenye simu yako, watengenezaji huipitisha kwenye chombo kinachobadilisha majina mengi ya ndani kuwa herufi fupi. ProGuard ilianza kufanya kazi hiyo mwaka 2002, na kwa simu za Android, tangu 2019 chombo cha kawaida ni R8 cha Google. Faida ni mbili. Kwanza, mwizi anayetaka kuichunguza programu ili atengeneze ya bandia anapata kazi ngumu zaidi. Hazuiwi kabisa, lakini anacheleweshwa. Pili, programu inakuwa ndogo, kwa sababu sehemu zisizotumika huondolewa. Kwa mtu anayenunua bando ya shilingi ishirini, hiyo si faida ndogo.

Sasa fikiria mwenye duka pale soko la Kalundu. Ana kitabu cha madeni, na hataki kila anayeegemea kaunta asome nani anadaiwa. Kwa hivyo anaandika alama badala ya majina, na orodha ya alama anaifungia kwenye droo. Kila mwezi anabadilisha alama. Mpango mzuri, bora asipoteze orodha yoyote. Akiitupa ya mwezi wa tatu, kurasa za mwezi wa tatu zimekufa. Atajua kuna mtu anadaiwa mia sita, lakini hatajua ni nani.

Programu ya simu ni vivyo hivyo. Kila toleo jipya linapotengenezwa, chombo hicho hutoa faili inayoitwa ramani, inayosema "a" ilikuwa nini na "b" ilikuwa nini. Ripoti yako ikifika, mtengenezaji huiweka pamoja na ramani ya toleo lile lile, na programu nyingine iitwayo Retrace hurudisha majina ya kweli. Dakika chache tu, fumbo limefumbuliwa. Lakini ramani ya toleo lingine haitasaidia. Inaweza hata kutoa majina yasiyo ya kweli, mtu akatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Ndiyo maana naamini kampuni yoyote inayoshika pesa za watu inapaswa kutunza ramani ya kila toleo ambalo bado liko kwenye simu za wateja, si la jana pekee. Watu hawasasishi programu kila wiki. Kuna simu za zamani zilizojaa, kuna bando iliyoisha. Mteja wa Tseikuru mwenye toleo la mwaka jana ana pesa halisi sawa na mteja wa mjini mwenye toleo la leo.

Na kazi haiishii kwa mtengenezaji. Retrace inatafsiri herufi kuwa majina ya kitaalamu. Mtu wa huduma kwa wateja naye anapaswa kuyatafsiri kuwa Kiswahili cha kawaida. "Programu ilianguka kabla ya ombi lako kutoka kwenye simu" ni jibu. "Programu ilianguka wakati wa kusoma jibu, kwa hivyo tumeangalia kwenye mitambo yetu na malipo yako yalipita" pia ni jibu. "Jaribu tena baadaye" si jibu, na kwa mtu anayelipa karo ni ushauri wa hatari. Malipo hufanyika kwenye mitambo ya kampuni, si ndani ya simu. Simu inaweza kuanguka huku pesa imeshafika.

Wewe nawe una sehemu yako, na si ngumu:

1. Usirudie malipo kabla ya kuangalia ujumbe wa uthibitisho, salio na taarifa ya miamala. Mtandao ukiwa wa kuja na kupotea, ujumbe unaweza kuchelewa.
2. Simu ikikuuliza kama utume ripoti, kubali. Usikimbilie kufuta programu. Kama ripoti haijatumwa, inaweza kupotea nayo.
3. Ukipiga simu, taja saa, aina ya simu na nambari ya toleo. Nambari hiyo mara nyingi iko kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu". Ndiyo inayoonyesha ramani ipi itumike.
4. Pakua programu kwenye Play Store au App Store pekee. Ile uliyotumiwa kwa WhatsApp ikiwa imechezewa, ripoti yake haitalingana na ramani yetu, na hilo litakuwa tatizo lako dogo kuliko yote.
5. Usimpe mtu PIN wala msimbo uliotumiwa kwa ujumbe. Hakuna ripoti ya kosa inayohitaji PIN ili isomeke. Anayekupigia akisema "tunarekebisha kosa, nipe PIN" ni tapeli. Kata simu.

Kuna wanaosema mteja wa kawaida hana haja na mambo haya, apewe huduma tu. Sikubaliani nao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka data inayokusanywa iwe ile inayohitajika tu, kwa hivyo una haki ya kuuliza ripoti hiyo inabeba nini kukuhusu.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Programu na iendelee kumfumbia mwizi. Lakini siku nyingine ukiambiwa "hitilafu imetokea", uliza kwa upole: ilitokea kabla ama baada ya pesa kutoka? Kampuni iliyotunza ramani zake itakujibu.