Pumzi Si Mali ya Wachache

Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Elimu hiyo ya kale ya Bara Hindi imezidi kuenea mijini. Je, mkulima wa pamba wa Lagangabilili, wilayani Itilima, ataipata lini?

Wapo wanaohofu kwamba ni ibada ngeni. Hatuwabezi, lakini pumzi haina dini. Sisi tuliopitia chuoni twakumbuka tulivyofunzwa mahali pa kukata pumzi na mahali pa kuunganisha, na mzamiaji wa visiwani aijua thamani yake. Lililo la ibada na liachiwe wenyewe. Lililo la siha na lichukuliwe.

Zoezi lenyewe si gumu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hapa hufunzwa kushuka hadi 6 hivi, tumbo likitangulia kupanda, na kuitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Moyo hutulia, na shinikizo la damu huweza kupungua kidogo. Vidonge visiachwe kwa ajili yake, na mgonjwa wa moyo au mja mzito asizuie pumzi bila ushauri wa mganga.

Jambo hili halihitaji fedha za kigeni wala umeme. Kwa hiyo twawataka maofisa wa afya, Bara na Visiwani, wawafunze wauguzi wa zahanati, ili mgonjwa angojaye zamu afundishwe pale pale kwenye benchi. Elimu ya afya isiyofika kijijini ni pambo la mjini.