DAWA HII ISIISHIE BOHARINI

Mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe akiumwa kichwa humeza vidonge viwili, akaenda zake kazini. Wiki mbili zikipita na kichwa bado chauma, watu wa nyumbani husema ni uchovu, au malaria, au kuna mkono wa mtu. Lakini kwa yule ambaye kinga ya mwili wake imeliwa na virusi vya UKIMWI, yaweza kuwa kuvu ya kriptokoka imeingia katika utando wa ubongo. Kuvu hiyo hukaa udongoni na katika mavi ya njiwa. Sote twaivuta puani, na wenye kinga timamu ni nadra kuwadhuru. Asiye na kinga, asipotibiwa, hufa.

Dawa yake, amfoterisini, iko tangu miaka ya 1950. Ni kali kwelikweli: huitoboa kuvu, lakini huziumiza na figo za mgonjwa, tena humtia homa na kutetemeka. Hospitali isiyoweza kupima damu mara kwa mara haithubutu kuitoa.

Hapo ndipo elimu mpya ilipofaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Alec Bangham wa Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza, aliona kwamba mafuta ya namna ile inayojenga utando wa chembe za miili yetu, yakitiwa majini, hujikunja yenyewe yakawa vifuko vidogo mno, kila kimoja mfano wa chembe hai iliyo tupu ndani. Wataalamu huviita liposomu. (Si kiumbe, wala si uganga, ni mafuta na maji.) Amfoterisini ikifichwa katika utando wa kifuko hicho, hupita damuni pasipo kuzichoma figo kama zamani, na mgonjwa aweza kupewa kiasi kikubwa kwa mara moja.

Ushahidi haukutoka Ulaya. Ulitoka Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 800 uliotangazwa mwaka 2022. Waliopewa dozi moja ya vifuko, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, walikufa 24.8 katika kila 100 ndani ya wiki kumi. Waliochomwa dawa ya zamani kwa siku saba walikufa 28.7. Tofauti hiyo ya vifo si kubwa, na tusidanganyane: mmoja kati ya wanne bado hufa. Lakini madhara makali yaliwapata 50 katika 100 badala ya 62, na siku saba za mpira mkononi zikawa moja. Aprili mwaka huo Shirika la Afya Duniani likashauri tiba hiyo.

Tuje kwenye bei. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ya Marekani iliahidi kuziuzia nchi 116 chupa moja kwa dola 16.25. Chupa ina miligramu 50. Mtu wa kilo 50 ahitaji chupa kumi, yaani dola 162.50, bila kuhesabu flusitosini. Mchuuzi wa Tandale hawezi kuzitoa mfukoni, wala haifai aambiwe azitoe.

Bohari ya Dawa iko Keko, ndani ya Temeke yenyewe. Kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Temeke ni safari fupi ya daladala, na Mwananyamala si mbali. Twataka chupa hizo ziwe rafuni katika hospitali zote mbili kabla mgonjwa hajaletwa, na pawepo mtu wa kutoa maji ya mgongo usiku na mchana. Viongozi waulizwe idadi ya chupa, nao wajibu kwa tarakimu.

Na sisi wenyewe tunalo letu. Wangapi wamekataa ndugu yao asitolewe maji ya mgongo, kwa kuambiwa kwamba atapooza? Maneno hayo yameua watu, kwa maana bila maji hayo ugonjwa ni vigumu kuthibitishwa, wala mgandamizo kichwani haupungui. Katibu wa tawi anayesikia jirani akikatazwa sindano hiyo aende nyumbani kwake jioni ile ile. Asingoje mkutano wa Jumapili.